Mikono ya kufagia kwenye sahani ya kupozea karanga: jinsi ya kuifunga isivunje karanga, isiache chenga na isiunguze mota

Hili tatizo linarudi kila mara kwa wenye viwanda vidogo vya karanga. Mtu ametengenezewa sahani ya duara ya kupozea, mota iko chini, mikono miwili inazunguka juu, kimlango kiko pembeni, mashine inapendeza kabisa, halafu siku ya kwanza ya kazi karanga zinatoka zimepasuka, chini ya bledi (vile vibao vya kufagia vilivyofungwa kwenye mikono) kumejaa chenga, katikati kumebaki kilima ambacho lazima mtu aingize mkono kukitoa, na baada ya wiki chache mota inaanza kunuka. Fundi anaambiwa aweke mota kubwa zaidi. Anaweka. Karanga zinavunjika zaidi.

Karibu kila mara shida sio nguvu ya mota. Shida ni kwamba bledi zimesetiwa kabla sahani haijanyooka, alafu zimeachiwa mwanya wa nusu-nusu kati yake na sahani, yaani sio mdogo wa kuizuia karanga isiingie na sio mkubwa wa kuipitisha salama. Karanga inaingia pale chini, inakwama, inasagwa. Hapo ndo chenga zinatoka na hapo ndo mota inapata mzigo ambao haukutakiwa kuwepo.

Mahesabu yote humu ni ya sahani yenye kipenyo cha sentimita 100. Ukimwaga karanga zikafika kina cha sentimita 5 ni kama kilo 23 hadi 25 kwa mkupuo mmoja. Sahani yako ikiwa ndogo au kubwa, kanuni ni zile zile ila vipimo vya bledi utavipiga upya.

## Andaa hivi kwanza

Usianze kuchomelea kabla hujavipata vyote, maana ukibadilisha kitu kimoja katikati ya kazi unaharibu vipimo vya vingine.

- Pleti ya stenlesi 304 yenye matundu, unene wa mm 2 au 3, matundu ya mm 3. Bati la mabati (lile lenye zinki) usiweke, karanga zinaingia hapo zikiwa za moto sana na ni chakula.
- Flati ya stenlesi ya kutengeneza ukuta, urefu wa kwenda juu sm 15 hivi
- Engo aini kwa ajili ya miguu na mbavu za kubeba pleti
- Shafti ya mm 25, beringi mbili zenye nyumba zake, oili sili
- Giabox ya worm (ya kupunguza mzunguko wa mota), uwiano 1:80 au 1:100
- Mota ya kilowati 0.37 (nusu hosipawa), raundi 1400
- Mikono miwili ya stenlesi na bledi 5 za urefu wa sm 15
- Raba ya silikoni ya kiwango cha chakula, unene wa mm 5 au 6. Chukua ya bluu ukiipata, kwa sababu kipande kikikatika kikaingia kwenye karanga unakiona haraka, hakuna chakula cha rangi hiyo hapo.
- Pini ya brasi ya mm 6, chukua kadhaa
- Kontakta yenye vitufe vya kuwasha na kuzima, ovalodi (kinga inayozima mota ikizidiwa), swichi ya mbele na nyuma yenye sifuri katikati, kitufe chekundu cha dharura
- Pima maji, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), waya mgumu, vipande vya karatasi ya kawaida

Kwa Dar vingi utavikuta Gerezani, kwa Nairobi anzia Kamukunji. Silikoni ndo inasumbua kidogo kupatikana, na hapa watu wengi wanakata kona wanaweka ile plastiki nyeupe ya ubao wa kukatia nyama. Usifanye hivyo. Ile ni polithini, inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi na inalainika kabla ya hapo, wakati karanga zinatoka kwenye dramu ya kukaangia zikiwa nyuzi 150 hadi 170. Silikoni nzuri inavumilia nyuzi 200. Teflon inavumilia zaidi, hadi 260, ila ni ngumu haipindi, kwa kazi hii mimi nachagua silikoni.

## Hatua ya 1: Fremu, mbavu na pleti

Tengeneza ringi ya chini, weka mbavu za engo aini zisiachane zaidi ya sm 25, alafu laza pleti juu. Pleti yenye matundu inapinda kirahisi kuliko pleti nzima, ukiacha nafasi kubwa bila mbavu itabonyea katikati ukiweka kilo 25 na bledi haitalifikia lile bonde.

Kabla ya kulaza, pitisha kiganja taratibu pande zote mbili za pleti. Upande mmoja una makali madogo madogo yaliyobaki pale mashine ilipotoboa matundu, mwingine ni laini. Upande laini unakaa juu. Ukigeuza, silikoni yako italika ndani ya muda mfupi na vumbi lake litaingia kwenye chakula.

Usichomelee pleti kuzunguka ukuta wote. Stenlesi ya kipenyo cha mita 1 ikipanda joto kwa nyuzi 120 inaongezeka kama mm 2, na ikiwa imebanwa pande zote haina pa kwenda zaidi ya kuinuka juu. Ndo maana sahani nyingi zinafagia vizuri asubuhi zikiwa za baridi, mkupuo wa tatu zinaanza kukwaruza. Acha mm 2 kati ya pleti na ukuta kuzunguka, na uishikilie pleti kwenye mbavu kwa bolti zenye matundu marefu ili iweze kusogea. Mwanya huo wa mm 2 hauli karanga wala nusu karanga, unapitisha maganda tu.

Pima maji ikikaa sawa pande mbili nenda mbele. Ila usiiamini sana pima maji, utaona kwa nini.

## Hatua ya 2: Shafti na koo la katikati

Katikati ya sahani ndo sehemu inayosahaulika. Kuna tundu, shafti inapita, na kama hakuna kitu cha kuzuia basi maganda na chenga zinashuka moja kwa moja kwenye beringi ya juu, zinachanganyika na grisi, beringi inakufa.

Chomelea kipande cha bomba kuzunguka lile tundu, kiinuke sm 8 juu ya pleti, yaani juu kuliko karanga zenyewe. Habu inayobeba mikono iwe na ukingo unaoshuka nje ya bomba hilo kama mfuniko wa sufuria. Juu ya habu weka koni, karanga zikimwagwa kutoka kwenye dramu ziteleze kwenda pembeni zisikae pale juu.

Beringi zote mbili ziwe chini ya sahani, ziachane angalau sm 20. Zikikaribiana sana mikono itayumba kule mwisho hata kama shafti ni nzima, maana mkono wa sm 50 unakuza kosa dogo la katikati.

Sasa kipimo chenyewe. Funga waya mgumu kwenye mkono mmoja, ncha yake iwe mm 3 juu ya pleti karibu na ukuta. Zungusha kwa mkono, simama sehemu 8 kuzunguka, pima kwa fila geji kila sehemu na uandike. Rudia waya ukiwa nusu ya njia. Hii inakuonyesha kama pleti imekaa sawa na mzunguko wa shafti, na hilo ndo la muhimu. Sahani inaweza kuwa sawa kabisa kwa pima maji huku shafti imeinama kidogo, mikono ikawa inagusa upande mmoja na kupaa upande mwingine.

Tofauti kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa isizidi mm 1. Ikizidi rekebisha kwa kuweka washa nyembamba chini ya beringi, usianze kugonga pleti kwa nyundo. Hujafikisha mm 1 usiguse bledi.

## Hatua ya 3: Mota na giabox

Mota ya raundi 1400 kwenye giabox ya 1:100 inakupa raundi 14 kwa dakika, kwenye 1:80 inakupa 17 na nusu. Kwa sahani ya mita 1, raundi 14 maana yake ncha ya mkono inatembea karibu sm 73 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa. Watu wanapenda 1:40 kwa sababu inaonekana ina kasi ya kazi, lakini raundi 35 inapiga karanga badala ya kuzisukuma, zinagonga ukuta, zinapasuka na maganda yanaruka kila mahali.

Nguvu je? Kilo 25 za karanga zikisukumwa kwenye pleti zinahitaji kama Nm 30 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) tu zikishaanza kutembea. Kuanza zikiwa zimejaa weka mara tatu ya hapo. Mota ya kilowati 0.37 kwenye giabox ya 1:80, hata ukihesabu kwamba giabox ya worm inapoteza karibu nusu ya nguvu, inatoa Nm 100. Kwa hiyo mtu akikwambia uweke hosipawa 2, mwambie kwanza muangalie mwanya. Ila hakikisha giabox yenyewe kibandiko chake kinaruhusu hizo Nm 100, kuna ndogo ambazo zinaingia kwenye mota vizuri tu lakini meno yake hayawezi.

Funga giabox chini, isikae juu ya sahani hata kama kufunga juu ni rahisi. Oili sili ikichoka siku moja, oili idondoke sakafuni na sio kwenye karanga. Kama giabox yako ina kizibo cha kupumulia hakikisha kiko upande wa juu kwa jinsi ulivyoilaza, la sivyo inavuja.

Kati ya giabox na shafti weka kapilingi (kiungo cha kuziunganisha) inayoshikwa na ile pini ya brasi ya mm 6. Kitu kigumu kikiingia, jiwe au bolti, pini inakatika na kila kitu kingine kinabaki kizima. Iwe chini ya sahani ili vipande visiangukie chakula. Na ikikatika weka brasi nyingine, TAFADHALI usiweke msumari au bolti ya chuma, hapo umeondoa ulinzi wote na siku ya kukwama giabox ndo itavunjika.

## Hatua ya 4: Kupanga bledi

Bledi inatakiwa isukume karanga kwenda nje kwenye ukuta, sio kuzizungusha tu. Kama bledi imekaa kwa kufuata mstari wa mkono, karanga zitazunguka nayo hadi jioni.

Igeuze bledi nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa mkono, na angalia sana upande: ule mwisho wa bledi ulio karibu na katikati ndo unaotangulia, ule wa karibu na ukuta unafuata nyuma. Hivyo karanga zinateleza kuelekea nje. Ukikosea upande zitakusanyika katikati.

Bledi ya sm 15 ikilazwa nyuzi 45 inafagia duara lenye upana wa sm 10 na nusu. Habu inachukua sm 6 za katikati, zinabaki sm 44. Ukiacha kila bledi ipande juu ya njia ya mwenzake kwa sm 2, bledi 5 zinafika hadi ukutani. Zihesabu kutoka katikati: ya 1, ya 3 na ya 5 kwenye mkono mmoja, ya 2 na ya 4 kwenye mkono wa pili. Usizipange zote mkono mmoja. Bledi ya 1 inatupa karanga kwenye njia ya 2, nusu raundi baadaye mkono wa pili unazichukua unazipeleka kwenye njia ya 3, zinaendelea hivyo mpaka nje. Zikiwa mkono mmoja zinabanana na hapo zinaanza kupanda juu ya bledi.

Zile sm 2 za kupandiana usiziibe ili upunguze bledi moja. Ukizitoa utaona mistari ya duara ya karanga inabaki kwenye sahani.

## Hatua ya 5: Mwanya

Hapa tulia, hapa ndo mashine inafaulu au inafeli.

Karanga nzima iliyomenywa ina unene wa mm 8 hadi 10 hivi, nusu yake mm 4 au 5. Chuma kikiachwa mm 3 mpaka 7 juu ya pleti kinakuwa mtego, kila karanga inayolala vizuri inaingia kidogo alafu inabanwa. Kuiweka mm 1 kungefaa lakini pleti yako ina tofauti ya mm 1 na inacheza kwa joto, kwa hiyo chuma kitagusa chuma, na vumbi la chuma kwenye chakula halikubaliki kabisa.

Suluhisho ni kutenganisha kazi mbili. Chuma cha bledi kinabeba mzigo na kinakaa juu, mm 12 kutoka kwenye pleti. Silikoni ndo inayogusa. Ibane silikoni kati ya bledi na kipande cha flati kwa bolti 3, itokeze chini mpaka iguse pleti. Matundu ya bolti kwenye bledi yawe marefu kwenda juu na chini ili uweze kuiteremsha inapolika. Nati ziwe za kujifunga zenyewe, nati ikilegea hapa inaangukia kwenye karanga.

Silikoni isimame wima, isiinamie nyuma, kwa sababu mkono utakuwa unaenda pande zote mbili (inakuja hatua ya 7).

Kuseti: weka kipande cha karatasi chini ya silikoni, iteremshe mpaka karatasi ikivutwa inatoka kwa ubishi kidogo bila kuchanika. Ikitoka bure, teremsha. Ikichanika umebana sana, raba italika na mota itazidiwa. Fanya kila bledi sehemu ya juu kabisa ya sahani, ile uliyoiandika hatua ya 2, kisha zungusha mpaka sehemu ya chini kabisa uone kama bado inagusa. Silikoni ikikandamizwa kidogo inafidia ile tofauti ya mm 1 na ndo maana tuliisumbukia.

Ukimaliza, mikono iweze kuzungushwa kwa mkono mmoja ukiwa umefungua kapilingi, isiwe inaruka-ruka wala kukwama sehemu.

## Hatua ya 6: Ukuta na kimlango

Bledi ya nje iwe na kipande kingine cha silikoni kilichosimama, kinachofagia ukuta. Bila hicho unabaki na ringi ya karanga pembeni.

Kimlango kiwe cha kuvuta juu, upana wa sm 20 hadi 25. Cha kufungukia ndani kitagongwa na bledi. Kizingiti cha chini kiwe sawa na pleti au chini yake kidogo, kikiwa juu hata kwa mm 2 chenga zote zinagota hapo. Mdomo wa kutolea uwe mrefu kuliko mkono wa mtu, maana kuna siku mtu atajaribu kuzibua kwa vidole huku mashine inazunguka.

## Hatua ya 7: Umeme

Wa kufanya hatua hii awe fundi umeme, sio wa kuchomelea.

Ovalodi iseti kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mota, usiongeze juu ya hapo hata kama inazima mara kwa mara. Ikizima inakwambia kuna kitu.

Kontakta ni lazima. Umeme ukikatika kazi ikiwa inaendelea, mtu anaingiza mkono kutoa karanga zisiungue, umeme unarudi. Kwenye swichi ya kawaida mikono inaanza kuzunguka hapo hapo. Kwenye kontakta haianzi mpaka mtu abonyeze kitufe.

Swichi ya mbele na nyuma ni kwa ajili ya kupoza. Ukienda mbele tu kimlango kikiwa kimefungwa karanga zote zinalundikana ukutani, za chini zinapoa, za katikati ya lundo zinaendelea kuiva zenyewe mpaka zinakuwa chungu. Kwa hiyo wakati wa kupoza badilisha, dakika moja mbele, dakika moja nyuma. Kati ya hapo simama kwenye sifuri mpaka mikono itulie kabisa. Mota ya fezi moja ukiigeuza ikiwa bado inazunguka inaweza kuendelea upande ule ule, ya fezi tatu inapigwa mshtuko unaofika mpaka kwenye meno ya giabox.

Mota ya fezi tatu inageuzwa kwa kubadilishana waya mbili. Ya fezi moja unageuza waya za koili ya kuanzia, ramani iko ndani ya kifuniko cha waya.

## Hatua ya 8: Kujaribu

Kwanza tupu na baridi, dakika 30. Shika giabox, iwe ya joto lakini unaweza kuishikilia. Sikiliza mkwaruzo wa chuma, usiwepo hata kidogo.

Pili karanga za baridi, kilo 10 kisha 25. Simamisha zikiwa zimejaa, alafu washa tena. Lazima ianze bila kusitasita. Fungua kimlango ikiwa inaenda mbele: nyingi zinatoka dakika ya kwanza, na baada ya dakika 2 kilichobaki kisizidi kiganja kimoja.

Tatu za moto, mikupuo mitatu mfululizo, feni ya chini ya sahani, ile inayovuta hewa kupitia matundu ya pleti, ikiwa imewashwa. Huu wa tatu ndo jaribio lenyewe kwa sababu pleti imeshatanuka. Chukua kilo 1 inayotoka kwenye dramu na kilo 1 inayotoka kwenye mdomo, chambua zilizopasuka na chenga, pima kila moja kwenye mizani. Za kwenye mdomo zikizidi za kwenye dramu kwa zaidi ya gramu 20, rudi hatua ya 5 na karatasi yako.

## Ikigoma

Kilima katikati: koni ni fupi au bledi ya 1 iko mbali na habu.

Karanga zinapanda juu ya bledi: umejaza kupita sm 5, au bledi zote ziko mkono mmoja.

Inafagia asubuhi, inakwaruza mchana: pleti imebanwa ukutani, fungua bolti uipe nafasi.

Ovalodi inazima ikiwa tupu: silikoni imebanwa mno au beringi zina maganda. Ikizima ikiwa imejaa tu, na mwanya uko sawa, angalia volti wakati wa kuanza, waya mwembamba na mrefu unashusha umeme na mota inakosa nguvu.

Pini inakatika kila siku: kuna mtu anawasha nyuma kabla mikono haijasimama. Ongea na waendeshaji kabla hujanunua kitu.

## Kila siku na kila wiki

Jioni toa plagi ukutani, mwenye kusafisha akae nayo yeye mwenyewe, kisha fagia kwa brashi kavu juu na chini ya pleti. Maganda yenye mafuta yanachacha na kesho yanaingia kwenye mkupuo mpya. Maji tumia pale tu unapoweza kukausha kabisa, chenga zenye unyevu zinaota ukungu, na kwenye karanga ukungu ni habari ya sumukuvu (aflatoxin): viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1.

Kila wiki rudia kipimo cha karatasi kwenye bledi zote 5, kaza nati, angalia kama silikoni ina mpasuko. Ikipasuka badilisha nzima hapo hapo, usikate kipande kilichoharibika ukaendelea na kilichobaki. Grisi ya beringi iwe ya kiwango cha chakula, kidogo tu, na futa inayotoka nje.